Kisumu ina wenyewe wengi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mji wako ni wa kabila gani?" Mimi mzaliwa wa Kisumu, na jibu mnalolingojea nalijua. Ni wa Wajaluo. Ardhi ni yao, sibishi. Reli iliwakuta hapa. Ila mji wenyewe, kwa maana ya bandari, maduka na mitaa, ulianza Desemba 1901 reli ya Mombasa ilipogusa ziwa. Tena siku hizo huku kulihesabiwa Uganda, tukahamishiwa upande wa Kenya 1902.

Reli hiyo ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walifia kazini. Waliobaki nchini, baadhi yao walishika mashamba Kibos wakalima miwa. Hadi leo utamkuta Kalasinga wa Kibos akibishania bei kwa Kijaluo ambacho kijana wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, hakiwezi.

Kibos hiyohiyo ndiko kwa mama yangu. Yeye ni Mnubi, wa kizazi cha askari wa Sudan walioletwa kuwapigania Waingereza. Baba ni Mwanga, yaani Mluhya wa Mumias, ambako dini ya Kiislamu iliingia na wafanyabiashara Waswahili enzi za mfalme wa Wawanga, Nabongo Mumia. Siku ya Idd kwetu gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi, hukaa sinia moja na samaki wa ziwani, na bibi, akiwa amejifunga gurbaba yake, vazi la wanawake wa Kinubi, hugombeza wajukuu kwa Kinubi, kisha humgeukia jirani kwa Kijaluo safi.

Msidhani basi kwamba tunaishi peponi. Mwaka 2007 wapigakura wa Kisumu walimpeleka bungeni Shakeel Shabbir, mwenye asili ya Kihindi. Matokeo ya urais ya uchaguzi uleule yalipotangazwa, maduka ya Wahindi mjini yakaporwa. Miaka kumi baadaye serikali ikawatangaza Wahindi kabila la 44. Mimi sikupiga vigelegele: kwani bila namba mtu si Mkenya?

Wanubi ndio wanaojua hasa uzito wa swali lenu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwadhulumu watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Baada ya uamuzi huo, binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliomba kitambulisho. Wenzake wa darasa moja walichukua vyao wakaendelea na maisha. Yeye aliwekwa mbele ya wazee wa kumkagua, akaambiwa alete karatasi za babu. Kilipotoka, kazi aliyokiombea ilikuwa imeshapewa mwingine.