Tangaza nyumba, mpangaji atajichuja mwenyewe

Mi ni dalali huku Mwanza, Nyegezi, Mkuyuni mpaka Isamilo, na nakiri nishawahi kupost tangazo la hovyo: "Chumba na sebule, maji ndani, mwenye watoto asisumbuke." Mwenye nyumba ndo alisema hivyo na mimi nikaandika kama kasuku. Jioni dada mmoja akapiga, hakutukana, akauliza tu, "Kaka, kwani wanangu wamekosa nini?" Nikakosa jibu.

Nikamrudia mama mwenye nyumba, mama shida nini hasa? Kumbe ngazi. Si unazijua nyumba zetu za mlimani, ile imekaa juu ya majabali, ngazi za mawe kama 40 na hakuna pa kushika, mvua ikinyesha ni utelezi balaa. Nikafuta, nikaandika hivyohivyo, ngazi 40, hazina pa kushika. Yule dada akaja kuziona akasema hapana, ila kaamua yeye. Na mtu wa magongo akisoma anajua, huna haja ya kumwandikia "walemavu hapana".

Kwa hiyo andika sababu, achana na mtu. Badala ya "watulivu tu", sema geti linafungwa saa 4 usiku. Neno "wastaarabu" ndo silitaki kabisa, mara nyingi mwenye nyumba ana kabila au dini fulani kichwani na wewe unamfichia, wakati Katiba yetu ibara ya 13 imevitaja vyote viwili. Marekani walikuwa na hati za nyumba zinazokataza kumuuzia mtu mweusi, sheria ya 1968 ikapiga marufuku hadi matangazo ya kibaguzi, wenye watoto na walemavu wakaongezwa 1988. Sisi tusicheke, mkoloni aliigawa Dar Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hadi leo dalali anaandika "sio uswahilini" kama sifa ya nyumba!

Kuhusu "masta", madalali wa Houston, Marekani, waliliacha neno "master" kwenye matangazo yao 2020 maana linakumbusha bwana na mtumwa. Huku masta ni chumba chenye choo ndani basi, sikazi sana, japo kuna masta nimeonyeshwa mlango wa choo ni pazia.

Ile nyumba kachukua jamaa mwenye watoto watatu. Kalipa miezi sita, wiki iliyofuata kaleta fundi kuchomelea bomba la kushikia.