Kukazia neno kwa Kifaransa: maswali ya wasomaji

SWALI: Naongoza watalii Kilwa Kisiwani. Wafaransa wananielewa, ila nikitaka kukazia neno, nikalipazia sauti kama nifanyavyo kwa Kiingereza, wananishangaa. Mfano nikisema "JE suis le guide", yaani mimi ndiye mwongoza watalii wao, si yule mwingine. Nakosea wapi?
Msomaji, Kilwa Masoko, Lindi

JIBU: Hilo ni kosa la Kiingereza, la Kiswahili halimo. Jaribu kukazia "ni-" katika "ninakwenda". Haikubali; utasema "mimi ndiye ninayekwenda". "Je" ni kama hiyo "ni-": imeng'ang'ania kitenzi, haibebi mkazo. Sema "Moi, je suis le guide", au ukitaka kujitofautisha na mwenzako, "C'est moi le guide". "C'est… qui" ndiyo "ndiye" yao: "C'est le sultan qui a construit ce palais" (sultani ndiye aliyelijenga jumba hili), ukiwaonyesha magofu ya jumba la Husuni Kubwa. Kilele cha sauti ni "-tan". Yanayofuata yaseme chini chini.

Kusifu au kushangaa kuna njia yake. Kwenye "formidable" (bora sana), shikilia "f" kidogo kisha iachie silabi ya kwanza kwa nguvu: FFOR-midable. Neno likianza kwa vokali, kama "épouvantable" (la kutisha), mshangao kwa kawaida hungoja konsonanti: é-POU-vantable. Ila ukilinganisha vitu viwili, silabi ya kwanza kabisa ndiyo hukaziwa: "IMportation, pas EXportation".

Pamoja na hayo, silabi ya mwisho ibaki ndefu, na hapo ndipo tunapokwama. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, tena neno kwa neno. Wao hukazia silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno. "Merci" peke yake ni mer-CI. Ukiongeza "beaucoup", "-ci" inanyang'anywa mkazo wake na "-COUP". Sisi tunasema "MEsi BOku": mikazo miwili, na yote si mahali pake.

Chukua "Les touristes / sont arrivés / ce matin" (watalii wamefika asubuhi hii). Gonga meza mara tatu tu: "-ristes", "-vés", "-tin". Pandisha sauti gongo la kwanza na la pili, shusha la tatu. Ukishusha mapema, mgeni atadhani umemaliza na ataanza kuuliza maswali. Jirekodi kwa simu. Likisikika gongo la nne, umekatakata kundi.

SWALI: Lazima nianze na "est-ce que", ile "je," ya Kifaransa ya kuanzia swali, kila ninapouliza?
Mwanafunzi, Mtwara Mjini

JIBU: Katika mazungumzo, hapana. "Vous venez?" sauti ikipanda mwishoni yatosha, sawa na "Mnakuja?" Penye neno la kuulizia, kama "où" (wapi) katika "Vous allez où?", sauti mara nyingi hushuka, maana "où" imeshauliza. Ukiipandisha sana, mwenzako atadhani hukumsikia, atalirudia jibu lake.