Kabla ya kusukuma dawa ya kulegeza misuli, jiulize nini kitaivunja mwilini

Wadogo zangu mlioanza zamu za thieta, yaani chumba cha upasuaji, nawapenda, lakini subira inaniisha kila mgonjwa anapochelewa kupumua na neno la kwanza kutoka kwenu likawa "tumpe neostigimini". Neostigimini haivunji dawa ya kulegeza misuli hata chembe. Inazuia kimeng'enya kinachokula asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye msuli, asetilikolini ikajaa na kushindana na dawa kwenye vipokezi. Dawa yenyewe bado ipo, inasubiri ini, figo au damu iiondoe. Haya, dawa za kulegeza misuli moja moja, na jinsi kila moja inavyoondoka:

1. Suksamethoniamu. Hii huvunjwa na kolinesterasi ya plazma, kimeng'enya cha kwenye damu kinachotengenezwa na ini, na sehemu kubwa ya dozi huisha njiani kabla ya kufika kwenye misuli. Ndiyo maana kwa wengi athari yake haizidi dakika 10. Ila mtu mmoja kati ya takriban 3,000 amerithi kwa wazazi wote wawili kimeng'enya kisichofanya kazi inavyotakiwa, na kwake dakika hugeuka saa.

Nilikutana na mgonjwa wa namna hiyo nikiwa mchanga kama ninyi. Msichana mwenye afya, upasuaji mfupi, suksamethoniamu peke yake. Kazi ilipoisha tukafunga gesi ya usingizi, tukangoja apumue. Kimya. Timu yetu ikampa neostigimini, nayo huzuia hata kolinesterasi ile ya plazma, yaani hata kile kidogo alichokuwa nacho tukakifunga mikono. Mapigo ya moyo yakapanda, shinikizo likapanda, machozi yakamtoka pembeni mwa macho. Tulikuwa tunabishana kuhusu dozi. Hakuna aliyetamka kwamba yule binti yuko macho, anatusikia, na hawezi kunyanyua hata kope. Daktari mwandamizi alipoingia hakuuliza swali. Alimpa propofoli, dawa ya usingizi, kwanza, akamwacha kwenye mashine ya kupumulia, akasema sasa tusubiri. Tukasubiri saa nyingi. Baadaye msichana alitusimulia maneno tuliyokuwa tukibishana, neno kwa neno. Mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo mgonjwa asipopumua baada ya suksamethoniamu: mlaze tena usingizi, mpumulie, ngoja. Akiamka, mweleze, mpe barua, na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe, maana kila mmoja wao anaweza kuwa hivyohivyo.

2. Atrakuriamu. Sehemu yake hujivunja yenyewe kwa joto na hali ya kemikali ya damu, nyingine huvunjwa na vimeng'enya ambavyo si ile kolinesterasi ya plazma, hivyo figo zilizokufa zisiwatishe. Mgonjwa aliyepoa au ambaye damu yake imekuwa na asidi, huyo dawa itamkalia. Na irudisheni kwenye friji, jamani!

3. Vekuroniamu. Ini huigeuza kuwa kitu ambacho nacho kinalegeza misuli, na kitu hicho hutolewa na figo. Niliwahi kumwona mgonjwa wa chumba cha mahututi, figo zimegoma, dripu ya vekuroniamu imezimwa tangu juzi, na watu wanatafuta kiharusi kwenye picha za ubongo. Hakukuwa na kiharusi. Wekeni kichocheo cha neva kwanza, kile kifaa kinachosisimua neva kwa umeme mdogo tuone kama msuli unatikisika; ni kazi ya dakika moja.

4. Rokuroniamu hutoka zaidi kwa nyongo bila kubadilika; sugamadeksi, dawa ya kuizima, huizingira tu, haiivunji. Bomba la koo lisitoke kabla uwiano wa misisimuo minne ya kichocheo, yaani mtikisiko wa nne ukilinganishwa na wa kwanza, haujafika 0.9.

5. Mkitumia suksamethoniamu kuweka bomba, msiongeze atrakuriamu wala rokuroniamu mpaka kichocheo kionyeshe msuli umerudi kutikisika. Mkiziweka moja juu ya nyingine halafu mgonjwa asipumue, hamtajua ipi inamshika, na mkono wa mtu utakwenda tena kwenye neostigimini.