Kwa mwanangu, kuhusu ile O na ule ubao

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako niliupata Ijumaa nikitoka msikitini. Mara ya kwanza niliusoma nimesimama, mara ya pili nimekaa barazani, mara ya tatu mamako akaninyang'anya simu akausoma yeye. Umeandika: "Baba, wenzangu wa chama cha mashua hapa Southampton wananitaka niandike mistari miwili kuhusu asili yangu. Niandike Mwamu, mtu wa Lamu, au Mluo? Nikiandika Mwamu, nalitazama jina langu na ile O yake ya Kiluo, nacheka mwenyewe."

Mamako asema uandike Mkenya, wamalize. Lakini mimi mistari miwili hainitoshi hata kuulizia bei ya samaki.

Tuanze na ile picha. Umetoa mwili wote nje ya chombo, miguu ukingoni, kamba kiunoni, mgongo karibu uguse maji. Mamako aliona baridi. Mimi niliona ubao. Unaukumbuka: mashua ya mashindano ikianza kulala, hupitishwa ubao mrefu upande wa goshini, unakotoka upepo, vijana wakatambaa hadi nchani, mmoja, wawili, watatu, uzito wao uirudishe isipinduke. Wewe wamekufunga kamba. Sisi tulishikilia kwa vidole vya miguu na dua za mama zetu.

Nitafika kwenye O. Subiri.

Nimesema tangu ukiwa mdogo, na najua umechoka kunisikia: mtu humjua kwa anavyofua maji, anavyoyakumba yatoke chomboni. Usukani hata mtoto wa tajiri ataushika. Lakini mashua ipigwe kalafati mpya, ipakwe deheni, bado maji yataingia, na ngama, tumbo la chombo, ikijaa, chombo huwa gogo. Mimi nilianza na kopo la samli nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye mashua aliyoiongoza mjomba wangu, yule unayemwita babu wa Mkomani. Miaka mitano ya kufua, mgongo umekunjika, bahari nikiisikia tu bila kuiona. Kisha nikapewa kushika kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga. Mwaka 1985, nikiwa na miaka kumi na minane, nikafika nchani mwa ubao.

Asubuhi ya mashindano kaskazi iliamka mapema. Tulikuwa tumesharushia tanga maji, nguo ijikaze isipitishe upepo. Nimejifunga kikoi juu ya magoti, nimeshakaa mahali pangu. Mwenye mashua akaja gatini akamwinamia mjomba sikioni. Nilisikia maneno matatu tu: "mtoto wa karani." Ndiyo, babu yako alikuwa karani wa serikali. Aliletwa Lamu mwaka 1964, akasilimu, akamuoa bibi yako mtaa wa Langoni, akazikwa hapa hapa. Miaka yote hiyo alisalimiwa kwa heshima, na miaka yote hiyo alikuwa karani.

Mjomba hakunitazama. Alisema, "Teremka kidogo."

Kidogo! Nimekaa gatini na hiyo "kidogo" yake miaka arobaini.

Mahali pangu akapanda kijana ambaye wazee wangeweza kukuhesabia babu zake saba bila kumeza mate. Wakateremka hadi Shela, wakageuza, na kurudi ilikuwa ni kubisha upepo tu, huku na huku, mlango mzima wa bahari umejaa matanga na wanawake wanapiga vigelegele juu ya madari. Mimi niliitazama mashua yetu nikajua kabla ya wote. Imekaa chini mno. Ngama. Hakuna aliyekuwa akifua, kila mmoja alitaka kuonekana ubaoni. Wakaingia wa nne.

Na mimi nikafurahi.

Hapo ndipo panaponichoma hadi leo, si pale pa kuteremshwa. Nilifurahia kushindwa kwa mashua niliyoifua kwa mikono yangu, na aliyeshika usukani ni ndugu wa mamangu, tumbo moja. Usiku nilijiambia: ushahidi huo, wewe si mtoto wa mui, wa mji huu, mtoto wa mui hafurahii hivyo. Kisha nikajijibu kwamba ni mtoto wa mui hasa ndiye hufurahi hivyo, maana mgeni angekwenda zake kula. Sijamaliza ugomvi huo.

Babu yako alinikuta nyuma ya nyumba. Hakunipa pole, hakuwa na mazoea hayo. Alichukua kijiti akachora mchangani tanga la pembe tatu na foromali yake, mti unaolibeba. Nikasema, la kwetu hilo. Akasema, "Hili la Uyoma. Yie, mashua, ya babangu." Akanieleza kwamba kwao ziwani vilevile walishindana kwa matanga, na yeye pia alianza kwa kufua maji. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mashua za matanga ziliingia Ziwa Victoria karne ya 19, na wafanyabiashara wa pwani. Basi fikiria: tanga lilitoka huku likaenda kwao, kisha yeye akaja nalo kichwani mpaka Lamu, na mwanawe akaambiwa si lake.

Utasema nalainisha mambo. Labda. Huwa najiliwaza na Habib Swaleh, yule shehe: naye alitoka Ngazija, Komoro, na leo nani ataitaja Lamu bila msikiti wake wa Riyadha na maulidi yake? Lakini hapo hapo najikatiza. Alikuwa sharifu, wa ukoo wa Mtume. Nasaba yake ilimtangulia kuteremka chomboni. Ya babu yako ilikuwa herufi moja, na herufi hiyo haikumfungulia mtu mlango mtaani Mkomani. Basi mfano huo niuache, ingawa naupenda.

Kuna jambo jingine, na nimelizunguka tangu mstari wa kwanza. Wewe ulifua maji kwenye mashua yangu tangu una miaka minane, na ulifua vizuri kuliko kaka zako. Ulipotimiza kumi na miwili, watu wakaanza kuniuliza barazani, binti huyo mpaka lini? Ulikumbuka ulipoandika, au ulinisitiri? Nilikwambia nini siku ile? Sikusema "teremka kidogo". Nilisema utapata mafua. Ni yale yale.

Sasa unanitaka nikuchagulie. Ulimi unaniwasha, mwanangu, na mamako ameshanikanya mara mbili. Ninalo jibu, nalijua, ningeliandika kwa herufi kubwa. Silitoi. Mtu aliyekuteremsha chomboni hana haki ya kukwambia chombo ni cha nani. Lakini O usiifute. Hilo si jibu, hilo ni ombi.

Picha yako nimeiosha kubwa, nikampelekea babu wa Mkomani. Macho yamepungua, alitoka nayo ukumbini mpaka kwenye jua. Akaishika karibu, akaiweka mbali, akairudisha karibu. Nilingoja aseme kuhusu nguo, au kamba, au kwamba ni mwanamke. Nilishajiandaa kugombana.

Akasema, "Mwambie anyoshe magoti. Babake pia alikuwa na ila hiyo."

Babako