Mwanangu, uliza upepo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama mvua ya mwezi wa nne itawaharibia fungate yenu kule Zanzibar, kwa kuwa mumeo amepata chumba kwa nusu ya bei. Mvua ipo, sikufichi. Masika yao ni mwezi wa tatu mpaka wa tano, na wa nne ndio wenyewe. Mara nyingi inamwagika kwa kishindo, inakata, jua linatoka na joto linapanda kama mvuke wa sufuria. Hoteli kadhaa za pwani hufungwa kabisa miezi hiyo. Basi kabla hamjatuma pesa, ulizeni kama jiko lao linapika.

Lakini unanijua, neno langu ni lile lile: usiulize mvua, uliza upepo.

Safari ya Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, labda huikumbuki, ulikuwa na miaka minne. Papa yako alitaka twende likizo ya Pasaka. Nikakataa. Nikamwambia matope ya Kadutu hapa Bukavu yanatutosha, tungoje kiangazi. Akangoja. Mwezi wa saba tukashuka bandari ya Muhanzi asubuhi, mbingu safi, hakuna hata wingu la kutia chumvi. Nilikuwa nimefunga kikwembe kipya cha buluu alichoniletea shangazi yako kutoka Uvira, najiona nimeshinda.

Tulipozimaliza rasi, ziwa likafunguka. Mawimbi yakatujia kwa nyuma, yanapanda juu ya motere, yanaingia katika pirogi, mtumbwi wetu, moja, halafu jingine. Kijana wa motere anachota maji kwa bidoni iliyokatwa, anachota tu, hasemi. Papa yako akavua koti, akakufunika, akakubana kati ya magoti. Hakuniangalia. Angesema "nilikuambia", ningemjibu, tungegombana, yangekwisha. Hakusema. Tulifika tumelowa mpaka mifupa, mananasi ya Idjwi sikuyaonja, na buluu ya kikwembe changu ilikuwa imehamia kwenye shati lake jeupe, chini ya mfuko. Ile alama nimeifua miaka mingi. Haikutoka.

Upepo ule ni wa kusini, ndio unaovuruga Kivu yetu kila kiangazi. Kule pwani wana jina lake, wanauita kusi, na mwezi wa sita mpaka wa tisa ndio enzi yake. Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, watu wanaufuata makusudi, wanavutwa juu ya maji na tiara kubwa. Wengine unawafuata wenyewe: meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 mwezi wa saba 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kiangazi hicho, mwanangu. Nilisikia redioni, nikakaa chini.

Haya, nisikudanganye. Mwezi wa nne nao una dhoruba zake, na hapa kwetu radi ya msimu wa mvua si ya kuchezea, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanaijua. Kwa hiyo siwezi kusema mvua ni salama na jua ni hatari. Nasema tu kwamba mimi niliangalia mbingu, sikuangalia maji. Mkienda, msivuke siku ile ile mnayofika Dar es Salaam, eti kwa sababu tiketi imekwisha kukatwa. Acheni siku moja ya akiba. Mkiamka bahari imechafuka, ngojeni, au pandeni ndege. Na kama mnataka kuogelea saa yoyote, laleni Nungwi au Kendwa. Jambiani maji yakitoka yanakwenda mbali sana, mtatembea mpaka mchoke.

Ungeniambia nichague, ningesema... hapana. Fungate ni yenu. Ila mumeo akisema twende mwezi wa nne, usimkatalie kwa sababu ya matope.

Msisahau kadi za chanjo ya homa ya manjano, ninyi mnaotoka Kongo mtaulizwa.

Papa yako yuko sebuleni na redio yake, anauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni habari ya Idjwi. Amepunguza sauti ya redio. Ngoja niende nikakae naye.

Mama yako,
Bukavu