Rangi ya gari iliyopauka: kampaundi kwanza
Mkuu, umeuliza kama Corolla yako ya 1998 iliyopauka na yenye mikwaruzo midogo ipigwe rangi upya. Hapana, haihitaji, kampaundi (ile dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) inatosha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukucha usiponasa, mkwaruzo umeishia kwenye klia, ile vanishi ya juu, na utatoka. Osha gari, liweke kivulini, sugua kampaundi sehemu ndogo ndogo kwa kitambaa laini. Kwenye kingo za boneti pita taratibu sana, rangi hapo ni nyembamba. Malizia na nta. Yangu ni nyekundu isiyo na klia, kitambaa kikageuka chekundu nikashtuka, kumbe ni rangi ya juu iliyochakaa tu. Ila klia ikishaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, hapo ni fundi rangi.