Funguo zichukuliwe kabla ya chupa ya kwanza (niliyoyaona kaunta, Njoro)

Ndugu, umeuliza tufanye nini walevi wapungue barabarani huku Njoro, na karibu kila aliyekujibu amesema Alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi, iletwe kila usiku. Mimi nilikaa kaunta ya baa moja upande wa Njokerio miaka minne, kwa hivyo niruhusu nipingane nao kidogo.

Kizuizi cha polisi hufanya kazi nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo kila simu ndani ya baa imeshapata ujumbe kwamba wako mahali fulani, na watu wanaanza kupanga njia za panya. Kwa hiyo yule mlevi ambaye angepita lami taratibu sasa anapita vichochoroni gizani, kwenye matope, mikokoteni ya punda na watu wanaotoka kusoma. Sisemi polisi waache. Nasema wakifika wao, sisi wa baa tumeshachelewa.

Kingine, tusiwasingizie wanafunzi peke yao. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, hapa Njoro, mwenye gari ni wa kuhesabu. Wenye magari ni wafanyakazi, wafanyabiashara wa ngano na viazi, na wageni kutoka Nakuru. Mwanafunzi huumia akiwa amebebwa: saba ndani ya gari la Probox la rafiki wa rafiki, au mshikaki wa watatu kwenye bodaboda ambayo mwendeshaji mwenyewe amekuwa akinunuliwa bia ya keg na abiria wake tangu jioni. Wikendi ya HELB, yaani mkopo wa wanafunzi, kuingia ndiyo mbaya kuliko zote. Siku hizo nilikuwa nalala vibaya hata kama sikuwa zamu.

Halafu kuna saa tano usiku. Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti vileo, inataka baa zifungwe saa hiyo. Ni sheria nzuri, lakini ukiwa kaunta unaona kinachotokea saa nne na nusu: watu wanaagiza chupa mbili mbili na kuzigida wima. Kisha wote wanatoka mlangoni kwa pamoja, na kileo cha zile mbili za mwisho bado hakijapanda kichwani. Kinapanda wakiwa barabarani.

Tulibadilika baada ya mteja wetu mmoja kugonga trela la trekta lisilo na taa, kwenye ukungu. Alipona, mguu haukupona. Nilikuwa nimemwambia "boss, acha gari leo," naye akacheka. Hapo ndipo nilielewa kwamba mtu mwenye chupa sita hana uwezo wa kukubali ushauri. Ushauri wake ulipaswa kufika akiwa mkavu.

Basi tukaanza kuuliza mtu anapoketi: "Umekuja na gari ama pikipiki?" Akisema ndiyo, funguo zinaingia droo ya kaunta kabla sijafungua chupa, na anapewa kibandiko chenye nambari, kama unavyoacha mzigo. Pia analipa nauli ya boda ya kumrudisha nyumbani hapo hapo, pesa inakaa kwangu. Waendeshaji watatu wa steji tuliwateua sisi: walikunywa chai na mandazi bure, na aliyeonja pombe akiwa zamu alitolewa kwenye orodha. Mmoja tulimtoa, akatutukana wiki nzima.

Lakini kilichofanya mpango ushike si mimi, ni soja, yaani mlinzi wa baa. Watu hawaachi gari wakiogopa kukuta taa za nyuma zimeng'olewa. Mwajiri alikubali kumwongezea soja pesa kidogo na kuweka taa kubwa uani. Kuanzia hapo nilikuwa naona magari manne, matano, yamelala pale Jumapili asubuhi.

Na asubuhi hiyo pia ina mtego wake. Kipimo cha sheria ni miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi, na chupa moja ya nusu lita huchukua karibu saa mbili kutoka mwilini. Ukianza saa kumi na mbili jioni ukamaliza chupa nane, hesabu inakuleta saa nne asubuhi. Supu, kahawa na maji baridi havipunguzi hata dakika moja. Kuna waliokuwa wanakuja kuchukua gari saa moja, macho mekundu, wanawahi kazi Nakuru. Nilikuwa nawaambia kwamba droo hufunguliwa saa nne. Si wote walioipenda hiyo.

Kuna mwalimu mmoja, mtu wa heshima, aliyekataa katakata kuacha funguo. "Mimi naendesha tangu hujazaliwa." Nikakataa kumuuzia. Akavuka barabara akaingia baa ya pili, na kule hakuna aliyemuuliza kitu. Aliendelea kwenda huko mpaka mimi nahama. Kwa hiyo ukianza na baa moja utapoteza wateja wale wale unaowatafuta. Anza kwa kuwaketisha wenye baa wote wa mtaa meza moja, na wenyekiti wa steji wawepo.